Kadi Yenye Feni Tatu

Jumanne, 4 Machi

Kitonge kalala. Naandika upesi kabla hajabadili mawazo.

Msimamizi wa dobi amepiga simu. Likizo ya uzazi imekwisha zamani, anasema, amenivumilia kwa huruma tu, na huruma yake ina mwisho. Jumatatu ya tarehe kumi na saba nionekane kwenye mashuka, la sivyo nafasi yangu atapewa mwingine. Wako wengi wanaoitaka, kasema. Sijui ni akina nani hao. Sijawahi kumwona mtu akililia kukunja mashuka ya hoteli kwenye mvuke kutwa nzima, miguu imevimba kama mikate.

Shida si mashuka. Shida ni Kitonge. Ana miezi minane, meno mawili, na chupa haitaki. Nimejaribu chupa ya bluu, chupa ya njano, chupa yenye picha ya tembo. Anaitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Anataka titi, anataka la kwangu, na analitaka sasa. Nikirudi dobini atabaki na mama mkwe, atalia mpaka sauti ikauke, na nikifika nyumbani atakuwa ameshalala. Nitamjua mwanangu kwa kisogo tu.

Kwa hiyo nina mpango.

Ofisi anayolinda Baba Kitonge walibadilisha kompyuta, wakampa moja ya zamani kama asante. Iko pale kwenye kona, imefunikwa kitambaa, tunaiwekea chupa ya chai juu. Vijana wa mtaa huu wanacheza gemu mchana kutwa, na wanalipa. Basi naiweka sebuleni iwe kompyuta ya gemu. Wao wanacheza, mimi nakusanya, Kitonge yuko mapajani. Kwaheri mvuke.

Ajabu ni kwamba hakuna mtu aliyeliwaza jambo hili kabla yangu. Ukimtoa wifi yangu, ambaye ana chumba cha gemu mlango wa tatu kutoka hapa. Lakini yake ni mashine za kuchomeka kwenye televisheni, tena za kale. Si kitu kimoja.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa wifi kupeleleza. Nilijidai naazima mwiko.

Wifi ni dada mkubwa wa Baba Kitonge. Sina baya la kumsema, nina mengi. Alinipokea kwa kuniambia nimekonda usoni na nimenenepa kwingine. Akamchukua Kitonge, akamwambia masikini mtoto huyu, ana masikio ya mama yake. Kisha akaenda jikoni kutafuta mwiko, na mimi nikapata nafasi.

Nikawauliza vijana, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama wanafurahia. Wakasema aunti, gemu za hapa zimezeeka. Wachezaji wengi waliomo wameshaacha mpira, sasa wanafuga kuku. Mmoja wanamwita Profesa kwa ajili ya miwani yake. Huyo ndiye nimemuuliza habari za kompyuta. Akasema kompyuta ya ofisini peke yake haifai. Kuichezeshea gemu ni sawa na kumwambia karani apake nyumba rangi, atapaka, ila utazeeka ukimsubiri. Lazima iwekwe kadi ya grafiki ndani yake. Hiyo ndiyo inayochora picha, na inazichora haraka hata jicho halioni zikibadilika.

Wifi akarudi na mwiko, akaniuliza tulikuwa tunaongea nini. Nikasema hali ya hewa. Profesa akasema kadi ya grafiki. Miwani ile haimsaidii kuona mambo.

Baba Kitonge nimemweleza alipotoka kwenye lindo asubuhi. Alikuwa anakula huku macho ameyafumba. Nikamwambia nataka kufungua biashara ndogo sebuleni. Akasema mm. Nikamwambia akiba yangu nitaitumia. Akasema mm. Ndoa yetu ni ya kusikilizana.

Sijamwambia kwamba vijana watapiga kelele mchana, na yeye mchana ndio usiku wake, na kitanda chake kimetenganishwa na sebule kwa pazia. Hilo nimeliweka kando. Si kila kitu kinasemwa siku moja.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechoka hadi kwenye kucha, lakini nimeshanunua.

Nilikwenda kwenye mtaa wa maduka ya kompyuta zilizotumika. Kitonge mgongoni, akiba ndani ya soksi yake, soksi ndani ya sidiria. Akiba ile niliiweka tangu mimba. Ilikuwa ya kitanda chake. Ataendelea kulala na sisi, na hajalalamika.

Duka la kwanza muuzaji alitaja bei, nikadhani ananipa namba ya simu. Duka la pili walinitazama, wakamtazama Kitonge, wakasema chaja ziko upande ule. Duka la tatu kuna mtu anavaa koti jeupe, watu wanamwita Daktari. Kadi zake zilizotumika anaziita wagonjwa waliopona.

Daktari alinitolea tatu. Ya kwanza ndogo, mpya, iko kwenye boksi lake, feni moja. Hiyo alisema hata yeye mwenyewe hamwuzii mtu anayempenda. Ya pili ya wastani, feni mbili, ilikuwa ya mwanafunzi aliyefeli mitihani yote, kwa hiyo imethibitika inafanya kazi. Ya tatu ina feni tatu. Ndefu kama mkono wangu kutoka kwenye kiwiko, nzito kama Kitonge alivyozaliwa. Ilikuwa ya watu wanaochimba pesa za mtandaoni. Huko kadi zinawashwa na hazizimwi, mchana na usiku, miezi kwa miezi, kwenye joto. Nikaitazama. Ingekuwa na miguu ingekuwa imevimba.

Daktari alinishauri nichukue ya wastani. Akanieleza kwa mfano wa sufuria, nadhani aliona nina mtoto. Kumbukumbu ya kadi ndiyo sufuria, chipu yake ndiyo moto. Ukiweka sufuria kubwa juu ya moto mdogo, hakuna kinachochemka. Ile ya feni mbili sufuria na moto vinalingana, haili umeme mwingi, na ni fupi, inaingia kwenye kasha lolote. Akaniuliza kasha langu lina urefu gani kwa ndani. Nikasema wa kutosha. Akaniuliza kisanduku chake cha umeme kina nguvu kiasi gani. Nikasema ya kutosha.

Nilimwelewa vizuri sana. Nikachukua ya feni tatu.

Nina sababu. Mteja akiingia sebuleni haoni sufuria wala moto. Anaona feni. Na kwa vile ilikuwa imechoshwa na kazi, bei yake ilikaribiana na ile ya wastani. Mimi si mtu wa kumbagua aliyechoka.

Kwenye kupunguza bei nilikuwa na mbinu. Unasikitika, unarudisha bidhaa polepole, unageuka uondoke, unaitwa. Nilisikitika vizuri. Nikarudisha. Nikageuka. Kitonge alikuwa ameshika koti la Daktari kwa mikono miwili na anamchekea kwa meno yake yote mawili. Nikivuta, naye anavuta. Daktari akasema dada, mtoto ameshaamua. Nimelipa bei kamili.

Jumamosi, 8 Machi

Haiingii.

Nimeijaribu kwa kulala, kwa kusimama, kwa ubavu. Kasha ni fupi. Kadi inagonga ukuta wa mbele na bado kipande cha urefu wa kiganja kiko nje. Baba Kitonge alikuwa anakoroma nyuma ya pazia, kwa hiyo sikuweza hata kulia kwa uhuru.

Nikalibeba kasha tupu hadi kwa fundi anayetengeneza ndoo za bati pale kona. Nikamwambia nataka tundu mbele, ukubwa huu. Aliligeuzageuza kasha, akauliza ni la kuchoma mkate? Nikasema ni kompyuta. Akasema sawa mama, bati ni bati.

Amelikata vizuri sana, sitamkosea haki yake. Kingo amezikunja na kuzigongagonga ili mtoto asijikate. Halafu, kwa mazoea tu, ameweka mpini juu. Nimemwuliza wa nini. Akasema kila anachotengeneza kina mpini, na huu hajanitoza.

Kadi imeingia. Pua yake imechungulia nje kama mbwa kwenye dirisha la gari. Nyuma kuna matundu mapya ya kadi, yanang'aa. Nimekaa chini nikaitazama kompyuta yangu yenye mpini. Kitonge akaipiga makofi.

Profesa alipita, akasema aunti, kadi hii haiwezi kuwaka kwa kisanduku hicho cha umeme, ni kidogo na waya zake hazitoshi. Nitafute kingine. Kwa nini watu hawa hawakuniambia mapema?

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja kutujulia hali. Alimkuta Kitonge nyuma ya kompyuta anaingiza kijiko cha uji kwenye matundu mapya ya kadi. Mama alipiga ukelele, Baba Kitonge akaruka kitandani akitafuta rungu lake la kazini.

Mama mkwe akasema kijiko na umeme, mwanangu, unataka kuniua kabla ya siku zangu? Akatoa mkanda mweusi wa mafundi umeme kwenye mkoba wake. Usiniulize kwa nini alikuwa nao. Mkoba wa mama yule una kila kitu isipokuwa nafasi. Akaziba kila tundu alilolikuta wazi nyuma ya kompyuta, tabaka mbili mbili, akipapasa na kidole gumba, kazi safi kama ya fundi cherehani. Yamebaki matundu yale tu yaliyokuwa na waya tayari.

Nilimshukuru. Nilifurahi kweli. Ni mwanamke mkali lakini anampenda mtoto.

Kisha akajaribu kumpa Kitonge chupa, ili kumzoesha kabla ya tarehe kumi na saba. Chupa ilifika mlangoni. Sijui mtoto wa miezi minane amepata wapi bega la kurusha vile.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeuza pasi na redio. Nimepata kisanduku cha umeme kilichotumika. Hakiingii kwenye kasha, kimekaa pembeni kwenye kigoda, waya zinatambaa kuingia ndani. Ukitazama kwa mbali ni kama mgonjwa aliyetundikiwa dripu.

Lakini imewaka. Feni tatu zimezunguka. Picha imekuja kwenye skrini palepale, kama kawaida. Waya wa skrini sikuuhamisha, umo katika tundu lake lilelile la siku zote. Kuhamisha wapi, wakati hakuna tundu lingine?

Sikuijaribu gemu yenyewe. Profesa aliipakia, Kitonge akaanza kulia, tukazima. Nimewatangazia vijana wote uzinduzi kesho, bure kwa mchezo wa kwanza. Nimemtangazia wifi pia. Nilimrudishia mwiko wake, nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba kesho huenda kwake pakawa kimya, apumzike. Akasema asante wifi yangu, nitapumzika.

Alikuwa anatabasamu. Wivu una sura nyingi.

Jumanne, 11 Machi

Sina nguvu ya kuandika.

Walikuja, sebule ikajaa, wengine wamekaa kwenye ndoo. Feni zilipoanza kuzunguka wakasema ooh. Hiyo ooh niliisikia moyoni. Kisha gemu ikafunguka.

Mchezaji aliinua mguu. Tukamsubiri. Kijana mmoja akaniuliza kama nina maji ya kunywa, nikaenda jikoni, nikarudi na maji, mchezaji bado mguu uko juu. Kisha ghafla mpira ukawa golini na hakuna aliyeuona ukienda. Wakasema aunti, hii ni gemu au ni albamu ya picha? Mwingine akasema mwacheni mama wa watu, bibi yangu anapika maharage haraka kuliko hii. Wakacheka mpaka wakaegemeana. Profesa peke yake hakucheka. Alisema feni ni nzuri.

Pazia likafunguka. Baba Kitonge kasimama na shuka kiunoni. Akawatazama vijana. Akalitazama kasha, kisanduku, waya, kigoda. Akaniuliza, polepole, kama mpini ule ni wa kwendea kuteka maji.

Wakaondoka wote. Kupitia dirishani niliwaona wakiingia mlango wa tatu.

Yeye hakunigombeza. Ingekuwa rahisi angenigombeza. Aliketi kwenye ndoo, akamchukua Kitonge, akaniuliza kama ni akiba yote. Nikasema mm. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilimwambia, Alhamisi. Akasema Alhamisi alikuwa amelala, anajua kula akiwa amelala, amejifunza kazini. Akaniuliza ninaogopa nini dobini. Nikamwonyesha huyo aliyemshika. Akamtikisa kwenye goti.

Jumatano, 12 Machi

Nimeipeleka kadi yangu kwa Daktari, na hasira zangu pia. Nikamwambia mgonjwa wako hakupona.

Akaichomeka kwenye kompyuta yake ya dukani, akaniambia niangalie. Sikuangalia. Ya kwake ni kompyuta ya duka, lazima imezoezwa. Akasema kadi ni nzima kabisa. Akaniuliza, waya wa skrini umeuchomeka kwenye tundu la kadi? Nikamwambia umechomekwa kwenye tundu. Akauliza lipi. Nikamwambia liko moja. Akasema dada, hakuna kompyuta yenye tundu moja. Nikamwambia yangu inalo moja, naifuta vumbi kila siku, sihitaji kufundishwa nyumba yangu.

Akanitazama kwa muda, akamwangalia Kitonge, akampa kalamu achezee. Akasema bidhaa iliyotumika hairudishwi.

Ni tapeli. Ila kalamu ni nzuri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata mbinu mpya, na hii haina pa kuharibikia.

Wifi ana kompyuta chumbani kwake, ya hesabu zake, kasha refu kama kabati. Haina kadi. Kwa hiyo kadi yangu iliyokufa nimuuzie yeye. Nirudishe angalau pasi, na yeye aonje nilichokionja.

Nilikwenda na kadi nimeifunga kwenye blanketi la Kitonge. Nikaiweka mezani kwake kama mtu anayepumzisha mkono. Akauliza hiyo nini. Nikasema achana nayo, wifi, hii siiuzi kwa bei yoyote. Nikamwambia watu watatu wameshaiulizia tangu asubuhi. Akauliza watu gani. Nikasema hawataki kutajwa. Akalifunua blanketi, akahesabu feni kwa kidole. Akasema nasikia juzi ilitambaa kama jongoo. Nikasema siku ile umeme ulikuwa mdogo mtaani. Akasema ndiyo, umeme, hata mimi niliwaza hivyo.

Tukashindana bei. Mara hii Kitonge nilimwacha nyumbani na baba yake. Nilisikitika, nikalifunga blanketi, nikageuka, nikaitwa. Imekwenda kwa nusu ya bei niliyoinunulia. Nilitoka pale mabega yako juu.

Nilipofika mlangoni kwangu mabega yakashuka. Kitonge alipozaliwa, wifi ndiye aliyekuja kuniogesha wiki nzima, huku akinitukana kwamba sijui kukaa. Nikarudi nusu ya njia nimwambie ukweli. Nikafikiria pasi. Nikageuka. Nikarudi tena. Mwenye duka la sabuni akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Makelele kwa wifi tangu asubuhi. Nilidhani wanaicheka. Nikaenda kumfariji.

Hawacheki. Wamejaa hadi barazani, wamepandana kama dagaa. Kwenye skrini mchezaji anakimbia, na jasho linamtoka, naapa, nimeliona jasho, na nyasi zinalala anapopita. Feni zangu tatu zinazunguka pale pembeni kwa utulivu kama hazinijui.

Fundi wake wa kompyuta alikuwa anamalizia kupanga nyaya za kisanduku kikubwa cha umeme. Nikamwuliza umeifanya nini. Akasema hakuna, mama, nimeichomeka tu. Nikamwuliza waya wa skrini upo wapi. Akanionyesha. Umechomekwa kwenye kadi yenyewe, kwenye matundu yake, yale yanayong'aa. Akasema ukiuacha kwenye tundu la zamani, kadi inakaa bure inazungusha feni, kazi yote inaifanya kompyuta peke yake. Yule karani wa Profesa.

Nimerudi nyumbani. Nimegeuza kompyuta. Mkanda mweusi bado upo pale kadi ilipokuwa, umebaki umening'inia kwenye uwazi, na una alama nne za kukandamizwa na matundu. Nikakaa chini nimeushika.

Mama mkwe akapita muda huohuo. Akaona mkanda mkononi mwangu, akasema unaona, hakuna kijiko hata kimoja kilichoingia. Nikamwambia ni kweli mama. Ndicho kitu kimoja kilichofanikiwa wiki hii, sikutaka kumnyang'anya.

Jumapili, 16 Machi

Msimamizi amepiga. Kesho unakuja au huji. Nikasema nitampa jibu jioni. Akasema jioni ni saa kumi na mbili, si saa mbili.

Tumejaribu chupa mara ya mwisho. Mimi nimekaa nje ili asinione, mama mkwe yuko ndani naye. Nilimsikia akilia kilio kile cha kupanda ngazi, kila pumzi juu zaidi. Maziwa yalinitoka yenyewe, gauni likalowa mbele. Baba Kitonge alikuwa ananitengenezea kola ya sare, na pasi hatuna, kwa hiyo alikuwa anainyoosha kwa sufuria ya moto. Akasema atajaribu kuomba zamu ya jioni, ili mchana apokezane mtoto na mama. Tunajua wote wawili hawatampa. Nikasema sawa.

Niliingia nikamchukua Kitonge, na nilikuwa nimeshashika simu nimwambie msimamizi nakuja. Wifi akaingia bila hodi.

Akasema nimeshindwa. Watu wamejaa, mmoja akilipa wawili wanaingia kwa dirisha, na nina nyumba ya kupikia. Wewe huna kazi ya maana, njoo ukae pale ukusanye. Nikamwambia nina kazi, naanza kesho. Akasema kazi gani, ya kuwakunjia wageni mashuka wakati huyu anakauka sauti? Anasikika hadi kwangu. Njoo naye. Nitakupa sehemu kila jioni, si kubwa, usinitolee macho.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia wifi, ile kadi nilikuuzia nikijua imekufa.

Akasema najua. Tangu Jumanne vijana walipokuja wanacheka nilimwuliza fundi wangu, akaniambia ni waya tu, watu wote wanaoanza wanakosea hapo. Nikawa nakusubiri uniletee. Jumatano yote nimekaa mlangoni. Ulinikawiza.

Nilimtazama. Yeye alikuwa anamtazama Kitonge, ambaye alikuwa ameshalidaka titi na kunyamaza, anavuta pumzi zile za mwisho za kwikwi. Wifi akasema si ungekuja kuniambia tu kwamba hutaki kurudi dobini. Mlango wa tatu. Hata viatu huvai.

Baba Kitonge naye alikuwa anacheka, uso ameuficha kwenye sare yangu.

Nimempigia msimamizi. Nimemwambia wale wengi wanaoitaka nafasi, awaambie iko wazi. Kisha akauliza kama ninamjua mtu yeyote.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza kazini. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mfuko wa pesa shingoni. Kitonge amenyonya mara nne kabla ya mchana, mara mbili kwa njaa na mbili kwa raha tu. Sasa amelala kwenye boksi la televisheni chini ya meza, kwenye kile kivumo cha feni, jasho limekauka kichwani. Nimemtazama sana. Nimemwona akitabasamu usingizini. Kwenye mashuka nisingeliona.

Wifi ni mwajiri mgumu. Amepita mara mbili kuhakikisha nakaa. Lakini mchana ameniletea chakula, akasema nimekula kama ndege, akaniongezea.

Vijana wanashinda humu na njaa. Hilo nimeligundua mimi, yeye miaka yote hajaliona. Wanatoka kwenda kutafuta cha kutafuna, na wakitoka wengine hawarudi. Alasiri hii amepita mtu na mkokoteni, anauza mashine za bisi zilizotumika. Anazo mbili. Moja ndogo, ya kuweka mezani. Nyingine ina kioo pande zote, taa ndani, magurudumu mekundu, imenizidi kimo, na mlango wa wifi ungebidi upanuliwe kidogo tu. Aliniuliza umeme wa chumba hiki unabeba kiasi gani. Nikamwambia wa kutosha.

Wifi asijue kwanza. Nitamshangaza.

Yule mtu ni mwaminifu, nampa sifa yake. Alisema mwenyewe kwamba ile ndogo inafanya kazi vizuri kabisa, na ile kubwa hana uhakika nayo.

Nimemwambia kesho aniletee ile kubwa.